Shikamoo Kutoka Mirihi: Mwongozo Kamili wa Kuandika Filamu ya Anga Bila Kukosea Sayansi

Mama ameketi barazani Bagamoyo, simu ikiwa sikioni. Binti yake, mwanaanga, yuko kwenye sayari ya Mirihi. "Shikamoo mama," anasema binti. "Marahaba mwanangu, hujambo huko?" anajibu mama papo hapo, na mazungumzo yanaendelea kwa kurasa tatu bila kukatika.

Onyesho la namna hii limenifikia mara nyingi kutoka kwa waandishi chipukizi, na kila mara nalirudisha likiwa na alama ileile pembeni. Mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya mwanga, lakini hata kwa kasi hiyo huchukua dakika 3 kufika Mirihi sayari hiyo inapokuwa karibu nasi, na dakika 22 inapokuwa mbali kabisa. Hakuna "marahaba" inayoweza kurudi papo hapo.

Waandishi hawa wana vipaji. Wanachokosea ni mpangilio wa kazi: wanaandika kisa kizima kwanza, kisha wanatafuta sayansi ya kukipamba. Hatua zilizo hapa chini zinaanza na sayansi, kwa sababu kisa chenyewe hutoka katika vizuizi vyake.

## Mahitaji kabla ya kuandika neno la kwanza

- Daftari moja lisilotumika kwa kazi nyingine, litakalobeba masharti ya ulimwengu wa filamu yako.
- Kikokotoo. Cha simu kinatosha, kwa kuwa utahitaji kuzidisha na kugawanya tu.
- Programu ya Stellarium kwenye kompyuta. Hupatikana bila malipo na huonyesha anga la mahali popote, kwa tarehe na saa unayotaka.
- Jedwali la kujaa na kupwa kwa maji, iwapo sehemu ya filamu itapigwa ufukweni.
- Saa yenye kuhesabu sekunde.
- Mwalimu wa fizikia wa sekondari aliye tayari kukupa jioni moja. Usimtafute mtaalamu wa roketi, maana makosa mengi ninayoyaona yangeweza kukamatwa na mwalimu wa kidato cha nne.

## Hatua ya 1: Jaza karatasi ya masharti

Kwa kila mahali ambapo wahusika watafika, andika mambo matano: uvutano, hewa, urefu wa siku, muda wa safari na muda wa ujumbe wa redio kufika. Haya ni maeneo matatu yanayotumiwa zaidi.

Obiti, yaani njia ya kuizunguka Dunia, ya kilomita 400 juu ya ardhi, ambako ndiko kilipo Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Chombo huizunguka Dunia kwa takriban dakika 90, hivyo jua huchomoza na kuzama karibu mara 16 katika saa 24. Kwa mwendo huo, umbali wa kutoka Bagamoyo hadi Kigoma hukatwa kwa dakika mbili na robo hivi.

Mwezini. Uvutano ni moja ya sita ya ule wa Dunia, na hakuna hewa ya kupumua wala upepo wa kupeperusha bendera. Mchana mmoja huchukua takriban wiki mbili, na anga ni jeusi hata jua likiwa utosini. Safari huchukua siku 3 hivi. Sauti ya redio huchukua sekunde 1.3 kwenda na nyingine kama hizo kurudi.

Mirihi. Uvutano ni asilimia 38 ya wetu. Hewa ipo, lakini karibu yote ni kabonidioksaidi, na kanieneo yake, yaani mgandamizo wake, haifiki hata asilimia 1 ya kanieneo ya hewa tunayoipumua. Siku moja ina saa 24 na dakika 40 hivi. Safari ya kwenda huchukua miezi 6 hadi 9.

Tahadhari moja inahitajika hapa. Uzito hupungua, lakini tungamo la kitu, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani yake, halibadiliki. Gunia la mahindi la kilo 100 litanyanyuliwa Mwezini kwa nguvu ya kunyanyua kilo 17 hapa kwetu. Hata hivyo, likisharushwa na kuanza kwenda, litamgonga mtu kwa kishindo kilekile cha gunia la kilo 100. Mhusika asiyejua jambo hilo anaweza kuvunjika mbavu, na hilo ni onyesho zuri.

Umemaliza hatua hii iwapo mtu anaweza kukuuliza "sasa hivi huko ni mchana au usiku?" kuhusu ukurasa wowote, nawe ukajibu kwa kutazama karatasi badala ya kukisia.

## Hatua ya 2: Chagua uongo mmoja tu

Filamu ya kubuni ina haki ya kudanganya. Nyota iliyo karibu zaidi na jua letu, Proxima Centauri, iko umbali wa zaidi ya miaka 4 hata kwa kasi ya mwanga, kwa hiyo anayetaka kuwapeleka wahusika huko atalazimika kubuni njia. Buni, lakini uongo uwe mmoja, uonekane katika dakika kumi za mwanzo, na uwe na gharama au mipaka isiyovunjwa baadaye. Uongo wa pili unaozuka mwishoni ili kumwokoa mhusika humfanya mtazamaji aache kuogopa, kwa maana ameshajua kwamba wa tatu utakuja.

## Hatua ya 3: Panga safari kwa misimu, kama nahodha wa jahazi

Mtu wa pwani analielewa jambo hili upesi kuliko wengi. Jahazi lililosubiri kaskazi halikuweza kuondoka wakati wa kusi eti kwa sababu nahodha ana haraka. Safari ya Mirihi nayo ina msimu wake: Dunia na Mirihi hukaa katika mpangilio unaofaa mara moja katika kila miezi 26 hivi. Mhusika akikosa msimu huo atasubiri zaidi ya miaka miwili, na kauli ya "tutawatumia chombo cha uokoaji wiki ijayo" haina nafasi katika mswada wako.

Injini nayo haiungurumi safari nzima. Roketi huwashwa kwa dakika chache ili kupata kasi, kisha huzimwa, na chombo huendelea kwenda kimya kwa miezi kwa kuwa hakuna hewa ya kukipunguza mwendo. Ukiandika "mafuta yamekwisha, chombo kinasimama", umekosea. Andika kwamba mafuta yamekwisha na chombo *hakiwezi kusimama*; utaona hofu ilivyoongezeka.

Jambo la kushangaza zaidi liko katika obiti. Rubani anayetaka kukifikia chombo kilicho mbele yake kwenye obiti ileile hapaswi kuongeza kasi, maana akiongeza atapanda kwenye obiti ya juu na ndefu zaidi, na atachelewa. Inampasa apunguze kasi, ashuke kwenye obiti ya chini inayozunguka kwa muda mfupi zaidi, kisha apande tena wakati unaofaa. Mpe mhusika kijana haraka ya kukanyaga mafuta, umpe na mkuu wake anayemzuia, nawe utakuwa na mgogoro uliotokana na fizikia yenyewe.

Mawe ya asteroidi yaliyosongamana hata rubani akalazimika kuyakwepa kushoto na kulia yafute kabisa. Kwa wastani, kati ya asteroidi moja na nyingine katika ukanda wao kuna takriban kilomita milioni moja.

Iwapo unataka roketi irushwe kutoka pwani yetu, usisite. Kurusha karibu na ikweta kuelekea mashariki hukipa chombo msukumo wa bure wa mzunguko wa Dunia, ambao kwetu ni karibu mita 460 kwa sekunde, na mashariki mwa Bagamoyo kuna bahari. Jambo hili lilikwisha kufanyika kwa jirani zetu: tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, satelaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, ikawa ya kwanza kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka nyota za mbali. Angalizo pekee ni Unguja na visiwa vidogo vilivyo mbele yetu. Mwandishi makini atamfanya mhusika mmoja aulize vipande vya roketi vitaangukia wapi.

## Hatua ya 4: Andika upya kila mazungumzo kwa kutumia saa

Kosa la mwanzo wa makala haya linatibiwa hapa. Kanuni ni fupi: chukua umbali kwa kilomita, ugawanye kwa 300,000, upate sekunde. Mirihi ikiwa umbali wa kilomita 216,000,000, jibu ni sekunde 720, yaani dakika 12. Binti akisema "shikamoo" saa moja kamili jioni, mama ataisikia saa moja na dakika 12. Akiitikia bila kukawia, "marahaba" itamfikia binti saa moja na dakika 24.

Wengi wanapofika hapa hukata tamaa, wakidhani kwamba onyesho limekufa. Mimi nadhani ndipo linapozaliwa. Katika malezi yetu, salamu isiyoitikiwa ni jambo zito. Mtoto aliyeamkia akanyamaziwa hujiuliza amekosa nini. Sasa tazama uso wa binti katika dakika hizo 24, akijua sababu ya kimya na bado akisubiri. Hakuna mwandishi wa mahali pengine anayeweza kuliandika onyesho hilo vizuri kuliko wewe.

Fanya hivi:

1. Kila kichwa cha onyesho kiwe na saa mbili, ya Bagamoyo na ya mahali aliko mhusika wa mbali. Kwa kuwa siku ya Mirihi inazidi yetu kwa dakika 40 hivi, baada ya siku 18 hivi mchana wa binti utakuwa umeangukia usiku wa mama. Usiwaache waamke pamoja filamu nzima.

2. Badilisha mazungumzo ya kupokezana yawe jumbe zinazosimama peke yake. Kila ujumbe ujibu swali la zamani na kuuliza jipya. Mama anaweza kusema: "Mwanangu, maneno haya yakikufikia, mimi nitakuwa nimekwisha kuitikia adhana ya magharibi." Sentensi hiyo moja inamweleza mtazamaji ucheleweshaji wote, bila profesa wa kuchora ubaoni.

3. Acha jumbe zipishane njiani. Mama anatuma habari za msiba. Dakika tano baadaye, kabla habari hizo hazijafika, kunaingia ujumbe wa binti akicheka na kumtania marehemu. Hakuna aliyekosea, na wote wataumia.

4. Tumia kimya cha jua. Katika kila miezi 26 hivi, Mirihi hupita nyuma ya jua, na mawasiliano huvurugika kwa takriban wiki mbili. Tarehe hizo hujulikana mapema, hivyo familia inaweza kuagana kabla, ikibakiza neno moja lisilosemwa.

Kwa Mwezi, ucheleweshaji wa sekunde mbili na nusu kwenda na kurudi huleta hali nyingine: watu hukatizana maneno, kila mmoja akadhani mwenzake amekasirika. Wasomee waigizaji wako ukiwa na saa mkononi, ili waisikie kasoro hiyo kabla ya siku ya kupiga picha.

Utajua umefanikiwa pale mtu atakapojaribu kuyahamishia mazungumzo yako kwenye simu ya kawaida kati ya Bagamoyo na Dar es Salaam, akakuta kwamba hayana maana tena.

## Hatua ya 5: Weka uzito mahali pake

Miswada mingi husema kwamba wanaanga huelea kwa sababu "huko juu hakuna uvutano". Kwa kilomita 400, uvutano uliobaki ni karibu asilimia 90 ya ule wa ardhini. Wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja bila kukoma, huku wakienda mbele kwa kasi kubwa kiasi kwamba Dunia, kwa kuwa ni mviringo, inapinda na kuwakwepa. Ukielewa hivyo hutaandika tena kwamba chombo kilipanda kidogo ndipo watu wakaanza kuelea. Huanza kuelea pale injini inapozimwa.

Kisha pitia kila kitendo kidogo. Chozi halitiririki shavuni: hujikusanya jichoni kama tone nene na kung'ang'ania hapo mpaka lifutwe. Mwali wa mshumaa hauchongoki; huwa duara dogo la rangi ya samawati, kwa kuwa hewa ya moto haina upande wa "juu" wa kuelekea. Kwa sababu hiyohiyo, anayelala mahali pasipo na feni anaweza kuzungukwa na hewa aliyokwisha kuitoa mwenyewe. Nyuso huvimba kidogo na miguu hukonda, kwani maji ya mwili hupanda kifuani na kichwani. Khanga iliyofungwa kiunoni haitaning'inia. Itafumuka pande zote, na mbunifu wako wa mavazi anapaswa kulijua hilo mapema.

Mhusika wa pwani ataswali vipi? Swali hili nimeulizwa na waandishi kadhaa, na lina jibu. Mwaka 2007, mwanaanga Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipokwenda kwenye kituo cha anga ndani ya mwezi wa Ramadhani, wanazuoni wa nchi yake walitoa mwongozo: swala tano zihesabiwe kwa saa 24 kufuata wakati wa mahali roketi yake iliporushwa, wala si kwa machweo 16 ya kila siku, na kibla kitafutwe kwa kadiri ya uwezo, hata kwa kuielekea Dunia tu. Onyesho la mtu anayefunga miguu yake kwa mkanda ili asielee wakati wa swala lina heshima na ukweli ndani yake.

Sasa kuhusu fedha, kwa sababu bajeti zetu tunazijua. Kupiga picha za watu wanaoelea ni ghali. Ikiwa mtayarishaji wako hana uwezo huo, usiandike kituo cha obiti kisha uwatembeze watu sakafuni na kunyamaza. Kipeleke kisa Mirihi, ambako watu hutembea, au kiweke kwenye chumba cha mawasiliano hapa Bagamoyo, ambako sauti za huko mbali husikika tu. Unaweza pia kubuni chombo cha duara kinachojizungusha ili kuwasukuma watu sakafuni, lakini kiwe kikubwa: chenye nusu kipenyo cha mita 225 kitatoa uzito kama wa Duniani kikizunguka mara mbili kwa dakika, ilhali cha mita 10 kitahitaji zaidi ya mara tisa, na wahusika wako watakuwa wakitapika.

## Hatua ya 6: Mtu anapotoka nje ya chombo

Nje kuna ombwe, yaani mahali pasipo hewa, na sauti haina pa kupita. Mlipuko unaonekana lakini hausikiki. Mpe mtu wa sauti kazi nyingine: pumzi ndani ya kofia, mlio wa feni ya vazi, redio inayokwaruza, na mgongano wa nyundo unaopanda kupitia mkono ulioshika chuma.

Aliyepasukiwa na vazi halipuki, wala hagandi papo hapo. Ana takriban sekunde 10 hadi 15 za fahamu. Mwaka 1966, fundi mmoja aliyekuwa akijaribu vazi katika chumba cha ombwe cha NASA, shirika la anga la Marekani, alipoteza hewa ghafla na kuzimia baada ya sekunde 14 hivi. Alikumbuka kuhisi mate yakichemka ulimini, naye alipona kwa kuwa hewa ilirudishwa haraka. Hatari kubwa zaidi ni kubana pumzi, kwa sababu hewa iliyomo mapafuni hutanuka na kuyapasua. Mhusika mwenye mafunzo atapumua nje kwa makusudi.

Usiandike pia kwamba mtu alivaa na kutoka ndani ya dakika moja. Kanieneo ndani ya vazi ni kama theluthi moja tu ya ile ya hewa ya kawaida, na mwanaanga hutumia saa kadhaa kujiandaa, akivuta oksijeni tupu ili kuiondoa naitrojeni damuni, vinginevyo atapatwa na maradhi yaleyale yanayowapata wazamiaji wanaoibuka upesi. Dharura inayomlazimisha kuruka maandalizi hayo inapaswa kumgharimu kitu kinachoonekana.

## Hatua ya 7: Kagua anga linaloonekana ufukweni

Hapa ndipo mtazamaji wa nyumbani atakapokuumbua, maana anga hili analiona kila siku.

Ufukwe wa Bagamoyo unatazama mashariki. Jua huchomoza baharini na kuzama nchi kavu, kwa hiyo wapenzi wanaotazama jua likizama majini wako pwani nyingine. Mwezi mwandamo huonekana magharibi, juu ya minazi na mapaa, baada tu ya magharibi. Ukitaka hilali juu ya bahari, sogeza onyesho hadi alfajiri, mwishoni mwa mwezi. Mwezi mpevu, kinyume chake, huchomoza baharini jua linapozama. Halafu hilali yetu, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, hulala kama dau lenye ncha mbili juu. Ile inayosimama wima umeichukua kwenye picha za nchi za kaskazini.

Maji nayo yafuate. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huja na bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana; maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, huja mwezi ukiwa nusu. Kuweka mwezi mpevu juu ya maji mafu ni kosa ambalo mvuvi yeyote atalicheka.

Kituo cha anga huonekana kwa macho kikipita kama nyota angavu isiyopepesa, saa moja au mbili baada ya jua kuzama au kabla halijachomoza. Hukatiza anga kwa dakika chache tu. Usikiweke usiku wa manane, maana kwa kawaida wakati huo kimo ndani ya kivuli cha Dunia.

## Hatua ya 8: Jioni ya majaribio

Chapa mswada, mwite mwalimu wa fizikia na watu wawili wasiojua sayansi kabisa. Someni kwa sauti tangu mwanzo. Mwalimu achore mstari chini ya kila anachokitilia shaka bila kukatiza. Wale wawili wachore pale walipochoka au kupotea.

Penye mstari wa mwalimu peke yake, rekebisha jambo lenyewe. Penye mstari wa wale wawili peke yao, umeeleza kupita kiasi: futa maelezo, bakiza tendo. Penye mistari yote mitatu, rudi kwenye karatasi ya masharti uandike onyesho hilo upya, kwa maana kiraka hakitalisaidia.

Mkifika kwenye onyesho la mama na binti, washa saa. Msomaji wa sehemu ya binti aseme "Shikamoo mama," kisha wote mkae kimya dakika moja tu kati ya zile 24. Wakati huo uwatazame wasikilizaji wako badala ya karatasi, na uandike kando ya ukurasa sekunde ambayo mmoja wao aliinua macho kumtafuta mama.